Kopo la Kijani la Mtakatifu Notburga

Parokia ya Mtakatifu Notburga,
Wisconsin,
Jumapili ya nne ya Kwaresima

Mama yangu mpendwa,

Naamini barua hii itakukuta umekaa nje kwa kaka Norbert, magoti juani, ukilalamika kwamba Arizona hawajui kahawa. Yanaendeleaje hayo magoti? Norbert aliniambia kwa simu kwamba siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nikamwambia asinichekeshe, mama yangu hakushika ukuta hata yalipokuwa yanamliza. Sisi huku wazima. Theluji bado imelala upande wa kaskazini wa kanisa, imeshakuwa nyeusi kama kila mwaka wakati huu. Clem anakusalimu sana, na watoto wanauliza kama ni kweli huko kwenu watu wanaogelea Krismasi.

Mama, nina habari, na nataka uipate kwangu. Bibi Ottilie ameniapia kwamba hatakupigia simu mpaka barua hii ikufikie, na kwa Ottilie kunyamaza namna hiyo ni mfungo mkubwa kuliko kuacha peremende. Kwa hiyo kaa kitako, soma mpaka mwisho, halafu ndipo umwite Norbert.

Nilikwambia kwamba jimbo Katoliki lilituandikia mwaka jana kuhusu shule yetu. Watoto wamepungua, na jimbo halitaki tena kubeba shule ambayo wenyewe hawaibebi. Walisema watamtuma Bi. Renata Quillan wa ofisi ya shule za jimbo aje atuone. Akiridhika, shule inabaki. Asiporidhika, watoto wetu wataanza kupanda basi kila asubuhi kwenda mji wa pili, na lile jengo ulikosomea wewe, nikasomea mimi, na sasa wanasoma wanangu, litafungwa kufuli. Hakutaka kuona paa wala rangi za kuta. Alitaka kuona wazazi.

Hapo sikuogopa, maana wewe unajua shule hii inavyokwenda. Paroko ndiye mwenye neno la mwisho, lakini hajawahi kutia sahihi jambo ambalo bodi haijalitafuna kwanza. Sisi ndio tuliomhoji mwalimu mkuu mpaka akaomba maji ya kunywa. Sisi ndio tunaopanga ada, tena kwa machozi, maana tunajipangia wenyewe. Sisi ndio tunaokaanga samaki kila Ijumaa ya Kwaresima ili shule ipate joto majira ya baridi, na hakuna mzazi anayesamehewa zamu, hata yule daktari wa meno. Padre Kilian husema yeye ana muhuri, sisi tuna mikono.

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa kingine. Madarasa ya chini yamejaa watoto ambao baba au mama si Mkatoliki. Wazazi hao wanalipa ada kama sisi, wanasukuma theluji kama sisi, wanatoka jikoni wakinuka samaki kama sisi, lakini bodi ikikutana wao wanabaki nje. Mimi kama mwenyekiti nikasema Septemba iliyopita kwamba na wao majina yao yaingie kwenye bakuli la kuchagulia wajumbe wa bodi. Tulibishana, Mama! Ervin Pfluger alisimama, suruali ameivuta mpaka kifuani kama kawaida yake, akasema, "Haya, leo mpeni Mlutheri kiti, kesho atatulisha nyama Ijumaa." Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Hata hivyo hoja ilipita, kwa kusukumwa.

Basi tukasali litania kama desturi, tukamwita Roho Mtakatifu, na Padre Kilian akaingiza mkono kwenye lile bakuli la bluu la Ottilie lenye majina ya wote waliojitolea. Jina la kwanza kutoka lilikuwa Anders Tollefson, fundi wa mapaa, aliyemwoa Colette wa akina Baumann. Mlutheri toka kwa babu yake Mnorwei! Anders aliiva uso kama nyanya. Ervin alitazama dari muda mrefu, nadhani alikuwa anamwuliza Mungu kama anatania.

Anders ni mtu wa maneno machache, ungempenda. Kikao chake cha kwanza aliuliza mambo yanaamuliwaje huku kwetu, maana kwao wanapiga kura, basi. Ervin akamjibu, "Na huku tunapiga kura. Halafu Padre anatuambia tumepiga nini." Wakacheka wote wawili, nikafikiri mambo yamekwisha. Tangu hapo wale wazazi wengine wa ndoa za mchanganyiko nao walianza kuja mikutanoni, wanakaa nyuma, wanamtazama Anders anavyopokewa. Nilijua kabisa kwamba akikaa, watakaa. Akiondoka, wataondoka na watoto wao, na madarasa ya chini hayatakuwa na mtu.

Sasa Bi. Renata akachagua kuja Ijumaa, tena Ijumaa ya samaki. Na wiki hiyo hiyo bega la Ottilie likakataa kuinuka, kwa hiyo saladi ya viazi, saladi yako, Mama, akapewa Anders. Ottilie alimwelekeza akiwa amekaa kwenye kiti karibu na jiko. Viazi vichemshwe na maganda, vimenywe vingali moto, vitunguu, siki, haradali, yote kama unavyojua. Ukumbi ulifurika, foleni ilitoka mpaka nje kwenye theluji. Bi. Renata, mwanamke mrefu asiyetabasamu ovyo, alikaa meza ya katikati na sahani yake kama mtu yeyote. Aliuliza watu maswali mafupi, nani huajiri walimu, nani huosha vyombo. Watu walimjibu kwa wakati mmoja mpaka akaacha kuuliza. Nilikuwa nimevimba kichwa, nakwambia kweli.

Ndipo Ervin, akiwa kwenye sahani yake ya pili, akainua uma juu na kuutazama kwenye taa. "Hiki ni nini?" akasema. Mwenzake akamwambia ale, asichague kama mtoto. Ervin akakipeleka puani, kisha akatamka kwa sauti inayosikika mpaka kwenye mnara wa kengele, "Bekoni! Nyama ya nguruwe! Ijumaa! Kwaresima! Si nilisema? Nilisema au sikusema?"

Mama! Uma mia zilibaki hewani. Bi. Renata alikuwa ndiyo kwanza ametia tonge mdomoni, akakaa nalo, hajui ameze au afanyeje. Bibi mmoja alitema tonge kwenye kitambaa akajifanya anakohoa. Anders akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akatutazama mmoja mmoja. Alivua aproni akaiweka kwenye kiti, na Colette akaanza kukusanya makoti ya watoto. Kule nyuma nikawaona wale wengine nao wanaamka, wanatafuta makoti. Nikaona shule yangu inatoka mlangoni, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti.

Nilikimbia jikoni kumwuliza Ottilie kulikoni. Alikuwa amejishika mashavu. Alisema alimwambia Anders aunge kwa mafuta ya kwenye kopo la kijani, kama ilivyo siku zote, lakini kopo lilikuwa tupu, limebaki na harufu ya bekoni tu. Kijana wa watu akaenda kukaanga bekoni mpya ili apate mafuta. "Nilimwambia mafuta, Rosina! Mafuta! Nani angejua kwamba na nyama ataitia?" Anders alilelewa kutotupa chakula. Akakata vipande, akavichanganya humo humo.

Nikamwendea Padre Kilian, nikamwomba aseme neno, maana yeye ndiye paroko. Akanitazama juu ya miwani akaniambia, "Rosina, Ijumaa ukumbi huu ni wa bodi. Mimi kazi yangu ni kuungamisha." Kisha akaendelea kukaa.

Hapa ndipo ninapokuomba unisamehe, Mama. Najua uliniapisha nikiwa mtoto, pale pale mbele ya jiko, nikiwa nimechungulia kopo. Uliniambia ni jambo la jikoni na litabaki jikoni. Nimelitunza miaka yote, hata Clem hakulijua, na ningelitunza mpaka kaburini. Lakini nilimwona Anders anatoka amebeba lawama isiyo yake. Nikashika kipaza sauti.

Niliwaambia Anders hakubuni kitu, amefuata alichofundishwa humu ndani. Niliwaambia saladi waliyoisifu Ijumaa zote za Kwaresima, ile ambayo wengine huvuka kaunti kuja kuila, imeungwa kwa mafuta ya bekoni tangu mimi sijaota meno. Nikasema, "Ni ya mama yangu, Hildegard Schaub. Mwenye la kusema aanze na yeye, yuko Arizona. Akimaliza, aje kwangu, maana nilijua. Huyu bwana mwacheni."

Nilifikiri watakuvunjia heshima, na ningepigana. Badala yake akainuka Bibi Cordula kwa fimbo yake, akasema, "Ala! Kwani nani hakujua? Ulidhani siki peke yake inaweza kunukia vile?" Akacheka, na wenzake wa meza yake wakacheka. Walijua, Mama! Wote wa umri wako walijua, na kila mmoja alidhani anajua peke yake. Kicheko kikaenda meza kwa meza mpaka kikamfikia Bi. Renata, naye akameza.

Padre Kilian ndipo akasimama. Alieleza kwamba Kanisa linakataza nyama, mafuta ya kuungia halikatazi, kwa hiyo Hildegard ana amani na Mungu wake. Vile vipande ni kosa la mtu mwema. Ervin akauliza, kwa sauti ya chini safari hii, na yeye aliyekula sahani mbili je? Padre akamwambia, "Ile ya kwanza hukujua. Hii ya pili, uliyoitafuna huku unapiga kelele, tuonane Jumamosi kwenye maungamo."

Na Ervin, huyo huyo Ervin, akaichukua aproni pale kitini, akamvika Anders, akazunguka nyuma akamfunga kamba mwenyewe. Akamwuliza, "Mlutheri, viazi viko wapi? Tuanze upya." Watu waliacha sahani wakamiminika jikoni, waliokuwa zamu na wasiokuwa zamu, waliooana na Wakatoliki na Wakatoliki wa asili, wanagombania visu. Makoti yalirudi kwenye misumari. Nilipogeuka, Bi. Renata alikuwa amekunja mikono ya blauzi, anamenya, na Bibi Cordula anamkosoa kwamba anamenya maganda mazito. Nililia, Mama, na hakikuwa kitunguu.

Shule inabaki. Jimbo limetujulisha wiki hii, na askofu ameridhia. Katika taarifa yake Bi. Renata ameandika kwamba wazazi wa Mtakatifu Notburga wanagombana kama watu wenye mali yao. Nimeisoma sentensi hiyo kwa Clem mara nyingi mpaka ameniomba nipumzike.

Limebaki moja. Ile saladi mpya tuliiunga kwa mafuta ya mahindi, na watu waliila kwa upole sana. Kwenye kikao cha bodi Ervin akaomba neno. Nikajiandaa kwa vita. Akasema yeye ni Mkatoliki mwaminifu, amefunga Kwaresima zake zote, lakini viazi vya Ijumaa ile vilikuwa vya hospitali. Akatoa hoja kwamba kopo la kijani lirudi juu ya jiko, lijazwe, na vipande vibaki nje. Nikauliza nani anaunga mkono. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Anders. Wengine wote wakafuata, na Padre Kilian akatia sahihi papo hapo kabla hatujabadili mawazo.

Kwa hiyo usione haya kurudi kiangazi, Mama. Siri yako nimeitoa, lakini sasa ni azimio la bodi.

Msalimie Norbert na mkewe, na uwape watoto wao busu moja moja kutoka kwa shangazi. Ottilie ameniambia nikishaipeleka barua posta kiapo chake kimekwisha, kwa hiyo simu ikilia, jua ni yeye, na andaa kikombe cha hiyo kahawa mbaya, hamtamaliza leo.

Mwanao anayejivuna kuitwa wako,
Rosina