Mto Nilioushona kwa Ajili ya Kunguni

Jumatatu, mwisho wa Aprili, 1974.

Mvua imeanza saa nane mchana na mpaka sasa haijaamua kuacha. Nimechoka, daftari. Miguu imechoka, mgongo umechoka, hata mdomo umechoka, na mdomo wenyewe leo haukufanya kazi yake.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alituambia tuandike kila siku, hata mistari mitatu, ili mkono usisahau. Ya leo itapita mitatu. Sufuria iko motoni, maharagwe ni magumu, nina nafasi.

Leo nimempeleka Kemunto zahanati ya misheni, kwa miguu kwenda na kurudi.

Kemunto ni kifungua mimba wangu. Yuko kidato cha pili na analala huko huko shuleni. Alipokuja likizo nilimwona toka mbali akipanda njia ya kwetu, amejifunga leso mpaka shavuni kama mwenye jino bovu. Nilipomfunua nikaona shavu la kushoto limejaa madoa meusi, mengine madogo kama punje za wimbi, mengine yameungana mpaka shingoni. Shavu la kulia safi, kama nilivyomzaa. Akasema yalianza kwa kuwasha, akajikuna, yakakauka, yakabaki meusi. Wenzake bwenini wanamwita kiazi, kile kilichochomwa upande mmoja kikasahauliwa jikoni.

Alicheka aliponiambia. Mimi ni mama yake, kicheko chake ninakijua. Hicho hakikuwa chenyewe.

Sasa niseme nilichofanya. Nilikwenda kwa Bosibori, anayeuza ndizi soko la Nyakoe, nikamwomba yale mafuta yake ya kopo anayojipaka. Akaniambia, "Mong'ina, mpake asubuhi na jioni. Wiki mbili tu, utauliza huyu ni binti wa nani." Uso wake ni rangi ya chai ya maziwa, kweli. Lakini aliponipa lile kopo niliona vidole vyake. Vifundo vyote vimebaki vyeusi, kama amekopa mikono ya mtu mwingine.

Niliviona. Nikachukua kopo hata hivyo.

Wiki ya kwanza ngozi ikang'aa, tukafurahi. Wiki ya pili ikaanza kuchubuka, ikawa nyekundu, inamchoma akipita juani tu. Halafu madoa yakarudi meusi kuliko yale ya kwanza, na pembeni yake pamepauka. Tangu siku hiyo haendi mtoni mpaka wengine wamalize kuchota. Sabato hii alikaa nyumbani, akasema tumbo. Na Ijumaa alikuwa ameniambia bila kuniangalia, "Jumatatu ile ya kufungua, usinifungie sanduku, Mama. Siendi."

Baba yake akasema kama hataki asilazimishwe, majani ya chai yanangoja mikono. Amesema kwa upole. Mimi nilitolewa darasa la pili nikalee mdogo wangu. Hakuna aliyenilazimisha pia. Mikono tu ilikuwa inahitajika.

Basi leo tukaenda. Sista wa pale ni mtu wa upande wa ziwa, mrefu, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Alinusa lile kopo, akalifunika, akaliweka mbali kama panya aliyekufa. Akasema tusipake tena hata kidogo, hiyo inachubua ngozi, na jua likipiga pale linapika. Akasema Kemunto anawe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, asisugue, asijikune, apake mafuta ya mgando kidogo, na akitoka juani avae kofia pana au leso. Madoa yatafifia yenyewe lakini ni kwa miezi, si kwa wiki.

Nikafikiri tumemaliza. Nikainuka.

Yeye akawa bado ameshika kidevu cha mtoto, anamgeuza huku na huku. Akauliza, "Unalalia upande gani?"

"Wa kushoto, Sista," Kemunto akasema.

Akatuuliza kama tunalima pareto. Nani hapa kwetu halimi pareto. Akasema kuna ngozi ambazo maua yale hayapatani nazo kabisa, huwasha, na baada ya kuwasha hubaki weusi. "Lakini pareto huchumwa kwa mikono," akasema, "si kwa shavu. Na huyu alikuwa shuleni. Mama, wewe unaonaje?"

Nikasema, "Hata mimi sijui, Sista."

Nilijua. Nilijua pale pale, kabla hajafunga mdomo.

Januari, Kemunto akijiandaa kwenda, alilia kwamba kunguni wa bwenini watammaliza. Nikamshonea mto mpya. Ndani nikajaza majani makavu ya mgomba, halafu nikachukua maua ya pareto yaliyokuwa yakikauka kwenye mkeka, viganja viwili, nikayatwanga kwenye kinu nikachanganya. Mama yangu alikuwa akimwaga unga huo kwenye kiota cha kuku, na viroboto walikufa. Sikumwambia mtu, maana maua ni ya kupeleka ushirika na baba yake huangalia mkeka. Kemunto hakunusa kitu, kwa sababu majira hayo nyumba yetu yote, na nguo zetu zote, ni harufu ya pareto. Nilishona ule mto nikiwa na furaha. Nilijiona nina akili.

Miezi mitatu amelaza shavu lake juu ya mkono wangu.

Kurudi, mvua ikatukuta mlimani. Kemunto akavua leso yake ile ile ya kujificha, akanifunika mimi. Akawa anajilaumu njia nzima, ati labda ni sabuni ya kuazima, ati labda hakunawa vizuri. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara tatu nikasema tu angalia utelezi.

Tulipofika alibadilisha nguo, akasema anajinyoosha kidogo. Nikamwona anauvuta ule mto, aliorudi nao toka shuleni, anageukia kushoto.

Hapo nikaunyakua. Nikakaa chini sakafuni, nikaupasua mshono kwa kisu cha mboga mbele yake, nikamwonyesha ule unga wa njano katikati ya majani. Nikamwambia yote, na kinu, na mkeka, na yale ya "sijui" mbele ya Sista. Nikamwambia kosa si la sabuni wala la kunawa kwake. Ni langu.

Alishika ule unga akataka kunusa, nikaupiga mkono wake, unga ukadondoka.

Ndipo akasema, "Kumbe ndiyo sababu. Bweni zima liliumwa, Mama. Mimi peke yangu kunguni hawakunigusa."

Akacheka kidogo. Kile cha kweli, au kinachokaribia.

Mimi nililia, nikasingizia moshi.

Mto ule nimeuchoma nyuma ya ghala, chini ya upenu pasiponyeshewa, mbali naye. Kopo la Bosibori nimelitupa chooni, na kesho nikipita Nyakoe nitamwambia Bosibori aliyosema Sista, atanitukana, basi.

Kuhusu Jumatatu, Kemunto hajasema ndiyo. Lakini sasa hivi amekuja kuchungulia maharagwe, akauliza kama mto mwingine utakuwa tayari kabla ya wiki kwisha. Akasema majani matupu safari hii.

Majani ya mgomba yote nje yamelowa. Nimeleta machache nimeyatandaza juu ya meko, hayatatosha. Ninahitaji jua siku tatu, na jua hilo hilo nimeambiwa nimkinge nalo.

Nitamtafutia kofia ya baba yake.