Ndoo ya Maganda

Jumatatu, 1 Septemba

Sufuria kuukuu halifai. Nimelivumilia wiki nzima, basi. Halina mfuniko. Nililifunika kwa sahani, sahani ikateleza, na asubuhi nimekuta sungusungu wamejipanga kuanzia dirishani mpaka kwenye maganda ya mihogo. Nimewamwagia maji ya moto. Nimeunguza kidole. Nimetukana, Mungu anisamehe.

Bwana shamba alitufundisha shimo la mboji vizuri kabisa. Matabaka, majivu, maji kiasi. Kuhusu chombo cha kuwekea maganda jikoni hakusema hata neno. Mwanamume. Anadhani mtu anatoka nje na kila ganda la kitunguu.

Nitapata chombo. Mchicha wangu lazima uwe na mboji kabla ya vuli.

Jumatano, 3 Septemba

Nimejaribu kopo la rangi alilobakisha mume wangu Shaaban alipopaka milango. Dogo. Limejaa kabla ya adhuhuri. Halafu machicha ya nazi. Kufika alasiri yamechacha na jikoni hakukaliki.

Bi Mize alisimama mlangoni, akaziba pua kwa kanga, akaondoka. Huyu ni mama yake Shaaban. Ametoka Pemba kuja kutibiwa magoti, mwaka wa pili huu yuko nasi hapa Chumbageni. Hasemi kitu. Mwaka wa pili, hajanigombeza hata siku moja. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda kwa jirani, Mama Rukia, kuona yeye anatumia nini. Mfuko wa salfeti. Unavuja, na panya wameutoboa. Nimekunywa chai yake nikarudi.

Ninachotaka si kikubwa. Mfuniko unaokaza. Mshikio. Mdomo mpana, mkono uingie wote wakati wa kusugua. Kisiwe cha bati, machicha yatakitia kutu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata!

Stoo, nyuma ya mikeka na magunia ya Bi Mize. Ndoo nyeupe, mpya, imo ndani ya mfuko wa nailoni. Mfuniko unakaza mpaka unalia. Ndani yake kopo la bluu lenye mkono. Kwenye mshikio kulikuwa na kitambaa cheupe kimefungwa fundo gumu. Nimejaribu kwa meno, nimeshindwa, nimekikata kwa kisu. Nilidhani ni alama ya dukani.

Nyumba hii ina ndoo kama hii na mimi napigana na sungusungu! Ndoo nimeiweka pembeni ya jiko. Kopo nimelipeleka chooni, lile la zamani limepasuka.

Leo nimetia maganda ya ndizi, majani ya chai, machicha. Nimefunga. Nimeinamisha pua. Hakuna harufu. Nimefurahi kama mtoto siku ya Idi.

Jumanne, 9 Septemba

Bi Mize ameingia jikoni mwenyewe leo, na sahani ya maganda ya papai. Si kawaida yake, ngazi ya kuingilia jikoni inamuumiza magoti. Nikaona nimsifie chombo changu. Nikamwambia atie humo, avute mfuniko tu.

Akasimama. Akaitazama ndoo. Akaweka sahani sakafuni, akarudi chumbani kwake.

Mchana hakula. Changu wa nazi, anaompenda kuliko samaki wote. Labda ni magoti.

Jumatano, 10 Septemba

Hali chakula changu. Anajichemshia chai ya rangi kwenye jiko lake dogo la mafuta ya taa, anakula na mkate wa dukani. Nikiuliza, ameshiba. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba akiangalia ukuta.

Nimeshajua. Anaona kinyaa kuweka maganda jikoni. Haya. Miaka miwili namfulia, namkanda miguu, leo mimi ni mchafu.

Nilikuwa naanika nguo chini ya dirisha lake. Nikasema kwa sauti, kama nasema na kamba, kwamba kuna watu uchafu wanauona kwa wenzao tu. Nilitaka asikie. Kikohozi chake kilikatika. Alisikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Hakula.

Kopo la bluu halipo chooni. Nimeliona dirishani kwa Bi Mize. Limeoshwa, limefunikwa leso nyeupe. Sielewi kitu.

Ijumaa, 12 Septemba

Shaaban amerudi kutoka Pangani kwenye nazi zake. Hurudi Ijumaa moja, akaruka nyingine. Mama yake alimwita ndani, wakafunga mlango. Nimeshona vifungo vya shati moja mara mbili, cherehani yangu iko barazani na sikio langu lilikuwa mlangoni. Sikusikia kitu.

Akatoka, akaenda jikoni, akaisimamia ile ndoo. Ndipo akaniambia.

Ndoo ni ya mama yake. Ndoo ya kuoshewa siku akifa.

Sanda yake naijua, imo sandukuni pamoja na karafuu maiti na udi. Wazee wengi wanaweka. Ndoo sikuijua. Shaaban anasema hakufikiria kuniambia. Hakufikiria!

Mama yake Bi Mize alipofariki huko Pemba, waliazima ndoo ya kumuoshea. Baada ya maziko wakairudisha. Mwenyewe akakataa kuipokea, mbele ya watu waliokuja kuhani. Akasema itupwe. Ikatupwa mgombani, na Bi Mize, msichana mdogo, akaiona pale kila alipopita kuchota maji. Akajiapia yeye hataoshwa kwa chombo cha kuazima. Ndoo ile aliinunua mwenyewe kwa kazi yake ya kuchuma karafuu. Akafunga kitambaa ili mtu yeyote asiiguse.

Nami nikakata kwa kisu. Nikajaza machicha. Kopo la kumwagiwa maji yake ya mwisho nikalipeleka chooni. Halafu nikaenda chini ya dirisha lake nikasema yale.

Anataka kurudi Pemba. Boti ya Alhamisi. Kwa nani? Dada yake amekufa, nyumba yao imebomoka paa. Huko ndiko ataoshwa kwa ndoo ya watu. Kwa sababu yangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda sokoni asubuhi na mapema. Nimezunguka maduka manne mpaka nimepata ndoo ile ile, nyeupe, mfuniko wa kukaza. Nikachana kitambaa cheupe nikafunga kwenye mshikio. Nikampelekea chumbani, nikapiga magoti, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Aliitazama. Akanitazama.

"Wanihimiza, Mama Zuhura?"

Basi. Akageukia ukuta. Nikatoka na ndoo yangu bila kuelewa.

Mama Rukia nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. "Mwenzangu, umempelekea mkweo ndoo ya kufia? Kwa mkono wako? Kitu kile mtu hujinunulia mwenyewe!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekwenda kuomba radhi, nimemwuliza mama wa watu anakufa lini.

Jumatatu, 15 Septemba

Amefungasha. Mfuko mmoja na sanduku. Tiketi Shaaban anayo. Hasemi nami zaidi ya lazima.

Nimekifungua kitambaa changu kwenye ndoo mpya nikakitupa. Ndoo yenyewe nimeiingiza stoo, sitaki kuiona.

Ile ya zamani nimeimwaga shimoni. Nimeisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, nimeianika juani. Nimenusa. Safi. Nikaisugua tena. Bi Mize akapita na fimbo yake.

"Hiyo ishakuwa ya maganda. Usijichoshe."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu Jumanne. Nimelia pale pale uani, povu mikononi.

Sitaki aondoke. Si kwa kuogopa majirani watasema nini, waseme. Mwaka jana nilipopasuliwa, nikawa siwezi hata kujigeuza, ni yeye aliyenilisha uji kwa kijiko, na magoti yake yale, siku baada ya siku. Hakuwahi kunikumbusha. Mimi ndiye niliyesahau.

Jumatano, 17 Septemba

Mabomba hayatoi maji tangu jana. Nimechota kisimani kwa Mama Rukia, nimechemsha. Asubuhi Bi Mize ameniita. Magoti yamevimba, hawezi kuinama, na kesho ni safari. Anataka kuoga.

Nikauliza nimletee maji kwenye beseni.

"Lete ile uliyoninunulia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaenda stoo. Kopo la bluu alilitoa dirishani mwenyewe, akanipa.

Nilimkalisha kwenye kigoda. Mgongo wake mdogo, sikuwahi kuuona. Nikachota, nikataka kumwagia begani, popote tu.

"Anza upande wa kulia," akasema.

Nikaanza kulia. Kisha kushoto. Akasema taratibu, nisirushe. Akasema tena, toka mwanzo. Nikarudia. Akasema mara ya tatu. Sikuuliza kama tunazungumza habari za leo au za siku ile.

Nikamwomba radhi kwa yale ya dirishani. Nilimwambia nilitaka asikie, na kwamba naona haya.

"Nilisikia," akasema. "Kichwa, sasa."

Nikamwosha kichwa. Nywele nyeupe, nyepesi. Nikamfuta kwa kanga safi, nikamvisha. Alipokwisha kukaa kitandani aliushika mkono wangu, akaugeuzageuza kama anakagua kitambaa dukani.

"Mkono wako mwepesi."

Nimeandika hivyo hivyo alivyosema.

Alhamisi, 18 Septemba

Boti imeondoka. Shaaban alisimama barazani na mfuko wa mama yake begani, bodaboda mbili zinangoja nje. Mama yake alikuwa jikoni anakunywa uji. Uji wangu. Akamwambia magoti hayataki bahari.

Shaaban akanitazama. Nikakoroga uji.

Jumapili, 21 Septemba

Bi Mize amekuna nazi leo. Amekaa juu ya mbuzi pale mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha, hataki kusaidiwa. Nimekamua tui. Machicha ameyachukua yeye, ameyatia kwenye ndoo nyeupe pembeni ya jiko, akabana mfuniko kwa kiganja mpaka ukalia. Akaniambia nikatie majivu shimoni, mboji yangu imelowa sana.

Nimekwenda stoo kuchukua gunia la majivu. Ndoo mpya haikuwa mahali nilipoiacha. Iko nyuma ya mikeka, ndani ya nailoni, kopo la bluu limo ndani. Kwenye mshikio kuna kitambaa cheupe. Changu nilikitupa. Hiki kimechanwa kwenye leso yake, ile ya kufunikia kopo, na fundo ni gumu.

Nimeirudisha mikeka mbele yake vizuri. Nimechukua majivu, nikatoka.