Baba Mdogo Alinipa Isale

Jumamosi, mwanzoni mwa Julai. Ukungu umeshuka Uru, kijijini kwetu, mpaka kwenye migomba, baridi ya kuvaa sweta mbili. Mlima sijauona tangu Jumanne. Nina hasira, na leo sitaki ipoe.

Wiki nzima nimewafundisha kidato cha tatu kuanguka kwa ukabaila Ulaya. Kitabu kimepanga sababu vizuri: tauni, kukua kwa miji, biashara, maasi ya wakulima, wafalme kupata nguvu. Wanafunzi wanakariri. Niliwaambia wafunge kitabu, wamfikirie mwanamke mmoja. Anailima ardhi ya bwana bila malipo kwa sababu mama yake naye aliilima, na hana ruhusa ya kuhama. Tauni inapita, inazika majirani zake. Waliobaki ni wachache, ngano inaozea shambani, na sasa anayehangaika ni bwana. Mabwana walitunga sheria ili ujira usipande. Watu wakahama hata hivyo, kwa bwana mwingine anayelipa, au mjini. Walioasi waliuawa. Lakini kule magharibi mwa Ulaya, kamba iliyowafunga kwa bwana haikukaza tena kama zamani.

Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Madam, kwani kabla ya tauni hawakujua kwamba bwana anawahitaji?"

Nilimwambia ni swali zuri. Ndivyo tunavyosema walimu tukikosa jibu.

Leo ukoo ulikaa nyumbani kugawa kihamba cha Baba, aliyefariki mwaka juzi. Kihamba ni migomba, kahawa, zizi, na makaburi ya babu zetu. Hakiuzwi, na hurithiwa na mtoto wa kiume. Kwetu ni Eliya, kitindamimba. Yuko Dar, hajashika panga huku tangu amalize shule. Simlaumu. Lakini mibuni ya kule chini ya mfereji tuliipanda mimi na Mama miaka sita iliyopita, na tangu hapo kila Jumamosi natoka chumba changu cha kupanga Majengo, mjini, napanda Uru kupalilia, kupogoa na kuchuma.

Baba Mdogo ndiye msemaji wa ukoo. Alitangaza kihamba chote ni cha Eliya, kisha akanigeukia akitabasamu. "Na wewe mwalimu utaendelea kumsaidia mama yako na kahawa, kama kawaida. Tunajivunia wewe."

Kama kawaida.

Pale pale nilimkumbuka yule msichana. Nadhani wakulima wale walijua kwamba bwana anawahitaji. Nami nimejua miaka sita, sijawahi kufungua mdomo.

Nilisimama. Nilisema sidai nyumba wala migomba. Nataka kipande chenye mibuni ile kiandikwe jina langu mbele ya mwenyekiti wa kijiji. La sivyo, wakati wa kuchuma wasinihesabu.

"Ukiolewa je?" akasema Baba Mdogo. "Utaondoka na kahawa mgongoni?"

Watu wakacheka.

"Sijaolewa, Baba Mdogo, na iko mgongoni miaka sita."

Wakacheka tena, safari hii si kwa upande wake. Alitoka nje. Aliporudi alikuwa na jani la isale, amelifunga fundo. Akaninyooshea. "Mwanangu, chukua. Yaishe."

Kwetu isale haikataliwi. Hata aliyeumizwa vibaya, akiletewa jani hilo, anasamehe. Baba Mdogo alijua hivyo. Alitaka kunifunga mdomo mbele ya wote.

Ila alikuwa na haraka mno, na Shangazi, dada yake mkubwa, hana haraka na chochote.

"Yerewi!" Shangazi akapiga makofi kwa mshangao. "Isale hupelekwa na mkosaji. Haya mdogo wangu, tuambie, umemkosea nini mtoto?"

Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka pombe ya mbege mdomoni aliishusha. Baba Mdogo alilitazama lile jani kama mtu mwingine ndiye aliyelichuma.

"Nimesema ataendelea," akasema mwishowe, "kabla ya kumuuliza."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemsamehe, na namaanisha; sitalitaja tena kosa hilo kwa ubaya. Kisha nikasema ombi langu liko pale pale, na kwa kuwa hakuniuliza, jibu langu nalitoa sasa: siendelei.

Hakuna kilichoandikwa. Kikao kimeahirishwa mpaka Eliya aje.

Sitaki kujidanganya. Mimi si mwanamke yule wa Ulaya. Nina mshahara, nina ufunguo wa chumba changu, na hakuna atakayenikata kichwa. Ninachoogopa ni Mama. Wakati wa kuondoka, akinifungia ndizi, aliuliza polepole kama nyasi za ng'ombe nitakata.

"Nitakata, Mama. Kila Jumamosi."

"Na kahawa?"

"Kahawa hapana."

Akaongeza maparachichi mawili kwenye mfuko, akaingia ndani. Sijui alimaanisha nini. Nimeyaweka mezani hapa chumbani kwangu, nayatazama.

Baada ya wiki tatu kahawa itakuwa nyekundu. Baba Mdogo mgongo unamsumbua, Eliya yuko Dar, na Mama peke yake hamalizi hata mstari mmoja. Nitapita katikati ya mibuni na mzigo wangu wa nyasi, nione matunda yanavyodondoka chini, na moyo utaniuma kwa sababu kila mche naujua.

Yadondoke. Sichumi.