Mume Wangu Anaing'oa Nyumba Yetu Polepole

Shangazi Habibah, nisaidie kabla Jumamosi haijafika maana akili yangu imefika mwisho. Mume wangu Ojera ni fundi wa kubomoa nyumba za zamani kwa ndani, si kwa nyundo kubwa bali taratibu, ili milango, dari na mbao za mvule zitoke nzima zikatumike kwingine, na mimi siku zote nimemsaidia kung'oa misumari na kupiga msasa. Mwaka huu akageukia nyumba yetu hapa Bugolobi, niliyoachiwa na marehemu baba yangu aliyekuwa polisi, akaanza na dari, akasema, "Abalo, hii dari iko na mchwa, mimi natoa, narudisha ingine," nikakubali, zikafuata mbao za sakafu, kisha milango ya vyumba, kila kipande akikiandika namba kwa chaki eti kitarudi mahali pake, na hakuna kilichorudi, mabinti zangu wanabadilisha nguo nyuma ya shuka.

Juzi nilipita Kabalagala nikauona mlango wa chumba changu cha kulala kwenye nyumba mpya, niliujua kwa komeo ambalo baba alilipigilia kichwa chini, nikabisha, akafungua mwanamke wa Kenya anaitwa Moreen, mjamzito, akanikaribisha vizuri, nikausifu mlango, akasema, "Asante dada, ni mzee wangu Ojera aliniletea. Yeye akitoa kitu hakivunji." Mlango ule niliupiga msasa mwenyewe, Shangazi, nikiimba, nikidhani ni kwa faida yetu. Nilirudi nyumbani nikampikia Ojera.

Sasa Jumamosi anatoa mlango wa mbele na anataka nimshikie usianguke, nikikataa ataondoka kabisa, nikishika tutalala wazi, na bado nampenda, naona aibu hata kusema. Nimshikie?
Abalo, Bugolobi

Abalo, pole. Barua yako imenifanya nitake kukukumbatia halafu nikuzabe kibao. Dari ilitoka ukakubali. Sakafu ikatoka, ukang'oa misumari. Umekuta mwanamke kwenye mlango wako, ukarudi kupika! Ulimpikia nini, mama?

Usimshikie. Nyumba ni yako, si yake. Nenda kesho kwa mwenyekiti wa mtaa, ufuatane na ndugu yako, useme mbele yao kwamba hakuna kitakachotoka tena. Hati ya nyumba ikalale kwa mtu unayemwamini, maana huyo bwana hata karatasi anajua kuitoa bila kuichana. Watafutie mabinti fundi mwingine, awawekee milango hata ya mbao nyepesi. Makomeo yapo sokoni Owino. Moreen usimtukane, huenda hajui kama upo.

Unasema ukikataa ataondoka. Hili litauma, lakini Ojera ameshaondoka. Angekuwa na hasira angevunja. Ametoa kila kitu kizima kwa sababu alijua anakipeleka wapi, na kwako anarudi tu kuchukua vilivyobaki. Jumamosi akikuita umshikie, kaa ndani na mabinti zako, mlango umefungwa.