Kovu la Mlango wa Jikoni

Jumapili jioni

Mdogo wangu Muriel,

Sikuandikii ili urudi nyumbani. Hilo nilishaacha kukuomba. Nimechoka tu, na miguu imenivimba. Jana tuliifungua nyumba kwa wageni kama ilivyo kila Juni, na mvua ikawaleta wote ndani na viatu vyao vya matope. Keki ya limau iliisha kabla ya saa tisa. Waliuliza yale yale kuhusu wakubwa waliowahi kuishi humu: kasisi aliyetunga nyimbo alilala chumba gani, Admirali Garrod alifia wapi.

Halafu wakalifikia lile kovu kwenye mlango wa jikoni. Unajua ninavyowaambia: Admirali aliukata kwa upanga siku aliyoletewa habari kwamba mwanawe amezama. Miaka thelathini nimeisimulia hadithi hiyo, na watu hulipapasa kovu huku machozi yakiwalengalenga.

Jana nilishindwa kuisimulia. Nikasema, "Jamani, hapakuwa na upanga hapa. Baba yetu alimrushia mdogo wangu chuma cha kuchochea moto, akamkosa. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye ngazi, nikanyamaza."

Bwana Tuffnell wa kamati ya kuitunza nyumba akacheka. "Bibi Hester, leo umechoka. Hebu kaa unywe chai."

Lakini mama mmoja alikuwa ameshafungua kijitabu, kalamu mkononi. "Na huyo mdogo wako," akaniuliza, "naye alikuwa mtu mashuhuri?"

"Alikuwa na miaka tisa," nikamwambia.

Dada yako,
Hester