Kumi na Moja Uliyonifundisha Barazani

Kwako Dada Esta, mama wa wajomba zangu watundu,

Barua hii ikukute umesimama wima jikoni, si umelala. Kifua kimepoa? Na Mama, bado magoti yake yanatabiri mvua kabla ya redio? Mimi huku Tunduma ni mzima, nimenenepa shingo tu, kwa sababu ya mizigo. Mpaka mzima unanijua. Wazambia wakivuka naongea nao Kibemba mpaka wanauliza nilizaliwa Ndola mtaa gani. (Ndola sijafika, dada. Nimefika Nakonde, tena kwa miguu. Wewe nyamaza.)

Sasa kaa kwenye kigoda. Juzi Alhamisi nusura uniletee ugali mahabusu.

Mimi ndiye nyapara wa makuli kwenye godauni la Haji Mbaruku, mfanyabiashara wa mbolea aliyetoka Tanga. Tuko kumi na mmoja, na sheria yetu ni moja: duru haivunjwi. Tunabeba kwa foleni, kila mtu mfuko mmoja, Mzee Simbeye mbele, mimi wa mwisho. Lori likiisha duru ikiwa katikati, lori linalofuata anaanza yule aliyefikiwa, ili asiwepo wa kubeba zaidi ya mwenzake. Mwezi uliopita tulishusha mbolea siku nne, na mfuko wa mwisho kabisa niliuweka mimi, nikicheza. Haji alikuwa mlangoni, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Alhamisi hakucheka. Alihesabu mifuko yake akapata 4,158. Daftari la karani wake, Sudi, lilisema tuliingiza 4,518, na hata mmoja ulikuwa haujauzwa. Mifuko mia tatu na sitini haipo.

"Funguo za mchana anakaa nazo nani?" Haji akauliza.

"Mimi, Haji."

"Naenda kusali Alasiri. Nikirudi nipate maelezo. Yasipokuwepo, mtawaeleza askari."

Mzee Simbeye akaketi juu ya mizani kama mzigo. "Mwanangu," akaniambia, "kwa umri huu, nikilala rumande siku moja, ya pili mtanitoa kwa blanketi." Mzee yule ndiye aliyenipa mkeka wake siku nilipofika mji huu sina hata pa kuweka kichwa.

Basi mdomo wangu, unaujua, ukatangulia. "Tulieni! Mimi nimesoma! Kama duru haikuvunjika, idadi ya mifuko lazima igawanyike kwa kumi na moja, isibaki hata mmoja. Naipima hesabu ya Sudi mbele yenu."

Kugawanya kwa njia ndefu nilishaacha huko huko kidato cha pili, na mashine ya Sudi ya kupigia hesabu betri zilikuwa zimekufa. Nikakumbuka kuna kujumlisha tarakimu. Nikaokota mkaa, nikaandika ukutani: nne, tano, moja, nane. Jumla kumi na nane. Kumi na moja haiingii. "Mmeona? Daftari ni bovu!"

Sudi akainua nyusi. "Pima na mifuko iliyopo, profesa."

Nne, moja, tano, nane. Kumi na nane vilevile! Haiingii.

"Kwa hiyo hata hii tunayoiona haipo," Sudi akasema. "Au mliivunja duru mkajibebea ya kwenu."

Makuli hawakucheka. Mmoja akaanza kuvaa viatu. Adhana ilishapita zamani, nikajua Haji yuko njiani. Jasho likanitoka hata kwenye kucha. Nikafumba macho, na kilichonijia si mwalimu yeyote. Ulinijia wewe, barazani kwetu Itumba, unamenya maharage na kunipiga kisogo: "Hiyo ya kujumlisha zote ni ya tisa, we mbuzi! Kumi na moja inatembea. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Miguu ikilingana, au ikipishana kumi na moja kamili, inaingia."

Nikafuta. Nikaanza na za daftari. Kulia, nne na moja: tano. Kushoto, tano na nane: kumi na tatu. Inachechemea! Nikapima na hesabu ya iliyopo. Kulia, nne na tano: tisa. Kushoto, moja na nane: tisa.

Miguu sawa, dada. Sawasawa kama askari wa gwaride.

Haji alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Haji, mfuko wa mwisho ulimwona nani anaubeba?"

"Nilikuona wewe, ukikata kiuno."

"Mimi ni wa kumi na moja. Hesabu ya daftari hainifikii mimi, inakatikia njiani."

Akamgeukia Sudi. "Hesabu ulizipiga wapi kabla ya daftari?"

Sudi akaonyesha mlango kwa kidole. "Kwa chaki. Nyuma ya mlango."

Mlango ule mchana kutwa uko wazi, umeegemea ukuta, nani angetazama? Tukaufunga. Jumla ilikuwepo, kubwa kama ng'ombe: 4,158. Mkono wa Sudi ulipishanisha tarakimu mbili alipokuwa akinakili. Mzee Simbeye alilia bila kuficha uso.

Haji akanishika bega. "Hii umejifunzia wapi?"

"Ndola," nikasema, "kwa Mzungu mmoja wa migodini." Ulimi huu, dada!

"Basi kesho nampelekea kanzu."

Nikatazama chini. Nilikumbuka ulivyofaulu darasa la saba kunipita, na Baba akasema ng'ombe wa kuuza ni mmoja, aende wa kiume. Halafu wa kiume akatoroka shule.

"Haji, kanzu haitamfaa. Ni dada yangu. Analima Itumba."

Kwenye mfuko huu kuna doti ya khanga. Imetoka kwa Haji, si kwangu, na imeandikwa "Mwalimu" kwa kalamu ya Sudi mwenyewe. Usiikate ukamgawia Mama. Wake nitanunua mimi.

Nisalimie Mama, shemeji mwenye mashine ya kusaga, na mchungaji aliyenibatiza, mwambie bado nadanganya ila nimepunguza. Wajomba wafundishe kutembea na namba. Yule binti yako wa kwanza akifaulu, ng'ombe nauza mimi.

Ni mimi mdogo wako, wa mwisho kwenye foleni,
Ezekia