Kitabu cha Ishirini

Nyasho, Jumapili, Desemba 1984

Basi vitabu ishirini nilivyojipangia kusoma mwaka huu vimetimia, ingawa hiki cha mwisho kurasa zake za mwisho mtu alizichana akafungia karanga. Mafuta ya taa hakuna, nimekisoma mchana kwenye foleni ya sukari.

Baada ya ibada niliwaambia wenzangu tunaoazimana vitabu kwamba nimemaliza ishirini, ila hiki cha mwisho kimechanwa mwishoni. Bhoke wa Kiriba akauliza, "Umemalizaje kitabu ambacho hakijaisha?"

Iliniuma, maana ni kweli.

Halafu mwenyewe akasema alikisomaga zamani, kikiwa kizima. Akanisimulia mwisho wote: yule binti aliyetoroka alirudi kwao, akakuta mama yake ameshazikwa.

"Sasa hesabu ishirini," akasema.

Wakanipigia makofi. Mimi nilikuwa nalia, namlilia mama wa kwenye kitabu.